Sukari saba, moyo mgonjwa

Daktari alilitandaza karatasi la ECG, kipimo cha umeme wa moyo, juu ya meza, akalinyoosha kwa viganja vyote viwili, kisha akaweka ncha ya kalamu mahali pamoja na kuiacha hapo.

"Mama, moyo huu uliwahi kuumia. Si leo, wala si wiki hii. Hili ni kovu la zamani."

Mama mkubwa alimtazama, akanigeukia mimi, akamrudia yeye. "Uliumia lini, baba? Mbona sikusikia?"

Akaulizwa kama aliwahi kubanwa na kifua. Hapana. Maumivu ya bega au mkono wa kushoto? Hapana. Je, kuna siku alichoka ghafla kupita kiasi, akatokwa na jasho la baridi, akahisi kama kiungulia? Hapo alinyamaza. Siku kama hiyo ilikuwepo, kabla ya Ramadhani. Alirudi kutoka soko la Mgandini, akakaa kwenye mbuzi akune nazi, mikono ikakataa. Akanywa chai ya tangawizi, akajilaza. Kulipokucha akaendelea na shughuli zake na kusema ni utu uzima.

Kisha akafungua mkoba, akatoa daftari lake la kliniki na kulisogeza mbele ya daktari. "Lakini sukari yangu ni saba. Tazama mwenyewe. Saba, sita nukta nane, saba nukta mbili. Mimi najitunza."

Ni kweli anajitunza. Katika ukoo wetu sijaona mwingine aliyeacha sukari ya chai siku ileile aliyoambiwa, akapita miezi yote ya futari bila kugusa kaimati. Metformini, dawa yake ya sukari, anaimeza kwa saa. Ndiyo maana maneno ya daktari yalinikaa rohoni wiki nyingi baadaye. Alisema moyo ule umeumizwa na kisukari.

Kisukari kipi, kama sukari ni saba?

## Safu moja tu

Tulipofika nyumbani nililiomba lile daftari. Wenye mgonjwa wa sukari wanalijua: tarehe, uzito, presha, sukari, dawa, siku ya kurudi. Namba za sukari zilizungushiwa wino mwekundu, na pembeni ya baadhi yake muuguzi ameandika "safi". Kwenye safu ya presha niliona 158/94. Chini yake 162/90. Kisha 150/88, kisha 160/96. Zote za juu, lakini hazikuzungushiwa kitu. Mafuta ya kwenye damu hayakuandikwa popote. Mkojo ulipimwa mara moja, miaka ya nyuma, ukakutwa na protini, na baada ya hapo hakuna neno.

Simlaumu muuguzi. Foleni ya kliniki za sukari huanza kabla jua halijatoka, na anayehudumia benchi zima la wagonjwa hana zaidi ya dakika chache kwa kila mmoja. Tena huku majumbani lugha ni hiyohiyo. Mtu akitoka kliniki simu zinaingia kutoka Dar, Mombasa na Muscat: "Sukari ngapi?" Ikitajwa saba, watu wanamshukuru Mungu na mazungumzo yanahamia kwenye harusi ya fulani.

Presha haiulizwi.

## Mshipa si bomba

Nikaanza kusoma, na swali langu la kwanza lilikuwa la chini kabisa: sukari inaufanya nini mshipa wa damu?

Maelezo tunayopewa mara nyingi ni ya bomba. Uchafu unajaa ndani ya bomba, maji yanashindwa kupita. Mfano huo unaeleweka upesi, ila unaficha jambo lililo kubwa kuliko yote. Bomba halina uhai. Mshipa ni nyama hai, na ugonjwa huanzia kwenye utando wake wa ndani, utando wenye unene wa seli moja tu, unaogusana na damu tangu moyoni hadi kwenye vidole vya miguu.

Utando huo hautulii. Hutengeneza gesi iitwayo naitriki oksaidi, inayoufanya msuli wa mshipa ulegee ili damu ipite, na inayozuia chembe za kugandisha damu zisishikane ovyo. Kwa kuigundua kazi ya gesi hiyo, Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998.

Sehemu iliyofuata niliisoma na kuirudia. Sukari inapozidi kwenye damu, seli nyingi za mwili hupunguza kiasi zinachoingiza ndani. Zinajikinga. Seli za utando wa mishipa haziwezi. Sukari iliyo nje huingia ndani yake kwa wingi uleule, na sehemu za seli zinazogeuza sukari kuwa nguvu huzidiwa, zikaanza kutoa chembechembe haribifu za oksijeni. Michael Brownlee, mtafiti wa New York aliyeishi na kisukari tangu utotoni, ndiye aliyeziunganisha habari hizi mwaka 2001. Macho, figo, neva, mishipa: vyote huumia kwa kuwa vina seli zisizoweza kuikataa sukari.

Yanayofuata hapo yanashikana. Chembechembe hizo huimaliza naitriki oksaidi, mshipa ukakakamaa. Chembe za kugandisha damu zinakuwa nyepesi kushikana. Sukari yenyewe hunata kwenye protini za ukuta wa mshipa na kuzifunga pamoja, ukuta ukapoteza mnyumbuko. Na utando uliojeruhiwa unaachia upenyo kwa kolesteroli mbaya, ile ya LDL, kuingia chini yake.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili LDL yenyewe imebadilika. Ini lisiloitii tena insulini, homoni inayoshusha sukari, hutoa kwa wingi mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi, kolesteroli nzuri hupungua, na chembe za LDL huwa ndogo na nzito, rahisi kujipenyeza. Zikishapenya huharibika. Chembe nyeupe za damu huzifuata kuzila, zikajaa mafuta na kufa hapohapo. Rundo linakua ndani ya ukuta wa mshipa, si juu yake kama tunavyodhani. Siku ngozi iliyolifunika inapochanika, damu hugandia hapo kwa muda mfupi sana. Ikitokea kwenye mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikitokea kwenye njia ya ubongo, kiharusi. Miguuni mambo huenda polepole zaidi: mishipa ya chini ya goti huziba mwaka hadi mwaka, mpaka mchubuko mdogo wa kandambili unakosa damu ya kuuponya.

Nilipofika hapa nilielewa kwa nini madaktari wengi huona kisukari kama ugonjwa wa mishipa ya damu unaotambuliwa kwa kupima sukari.

Lakini bado. Sukari ya mama mkubwa ilikuwa saba.

## Kabla ya ukurasa wa kwanza

Daftari lake linaanza siku aliyoambiwa ana kisukari. Mishipa yake ilianza kuumia mapema zaidi.

Kwa miaka kadhaa kabla sukari haijapanda, mwili huwa umeanza kuipuuza insulini, na kongosho hufidia kwa kutoa insulini zaidi. Ukipima kidole asubuhi unakuta namba nzuri. Kumbe ndani, trigliseridi zimeshapanda, presha imeanza kusogea, utando wa mishipa umeanza kuchoka. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza nitakaoueleza mbele, takriban nusu ya wagonjwa walikuwa na dalili za viungo kuumia siku ileile ya kwanza walipogunduliwa. Mama mkubwa aligunduliwa kwa bahati, alipokwenda kupimwa macho akitaka miwani. Alikuwa ameishi na sukari ya juu kwa muda ambao hakuna anayeujua.

Nilifikiri pia labda kipimo cha kidole kilikuwa kinamdanganya. Namba ile ni ya asubuhi moja, tena asubuhi ya kliniki, ambayo wengi huiandalia kwa kula vizuri siku mbili tatu kabla. Kipimo cha HbA1c ni kigumu zaidi kukiandalia. Kinaonyesha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi, kinasimulia habari ya miezi kama mitatu. Alipopimwa, majibu yalikuja asilimia 7.4. Si ya kupigia vigelegele, lakini wapo wengi wanaotamani kuipata hiyo.

Kwa hiyo alisema kweli. Alijitunza kwa kile alichoambiwa akitunze.

## Mshtuko usiouma

Swali lake la pili, lile la "mbona sikusikia", lilijibika kwa urahisi zaidi, na jibu lake ndilo lililonitia hofu.

Kisukari huharibu neva. Wengi tunaijua ganzi ya nyayo. Tusiyoizungumza ni kwamba neva zinazopeleka habari za moyo nazo huharibika. Mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa moyo bila kile kifua kinachobana tunachokiona kwenye filamu. Anachosikia ni uchovu, jasho, kichefuchefu, pumzi fupi, kiungulia. Au hasikii lolote.

Katika mji wa Framingham, Massachusetts, Marekani, watu 5,209 walianza kufuatiliwa mwaka 1948 na kupimwa kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1984 William Kannel na Robert Abbott walichapisha waliyoyaona kwenye karatasi za ECG za watu hao: zaidi ya robo ya mishtuko ya moyo iligundulika kwa kipimo cha kawaida tu. Wenyewe hawakujua, wala daktari wao hakujua. Na hao ni watu wa kawaida wa mji mzima, si wenye kisukari peke yao.

Takwimu za mji huohuo zilikuwa zimeshasema jingine mwaka 1979. Kisukari huongeza hatari ya magonjwa ya mishipa iliyoziba kwa mara mbili hadi tatu, na kwa mwanamke ongezeko hilo ni kubwa kuliko kwa mwanamume. Kwa kawaida mwanamke huchelewa kupata ugonjwa wa moyo akilinganishwa na mwanamume wa umri wake. Kisukari humnyang'anya nafuu hiyo. Nimekaa na wanawake wengi wa rika la mama mkubwa kwenye mabenchi ya kliniki, na mazungumzo yao ya moyo huwa juu ya waume zao.

## Namba iliyonitatiza

Hapa ndipo usomaji wangu ulipogonga mwamba.

Nilitarajia kukuta mstari ulionyooka: sukari huumiza mishipa, basi shusha sukari, moyo utapona. Watafiti wenyewe walitarajia hivyo. Mwaka 1977 Robert Turner na wenzake wa Oxford walianzisha utafiti wa UKPDS, wakawachukua watu 5,102 waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili. Majibu yalitoka mwaka 1998. Walioshushwa sukari kwa bidii walipungukiwa na madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa asilimia 25. Huo ni ushindi. Mishtuko ya moyo nayo ilipungua kwa asilimia 16, lakini hesabu ya uwezekano wa tofauti kama hiyo kutokea kwa bahati tu ilitoka 0.052, na wanasayansi wanataka isizidi 0.05. Ilikosa kwa unywele mmoja.

Miaka kumi baadaye ikaja habari nzito zaidi. Marekani na Canada walikuwa na utafiti wa ACCORD, wenye watu 10,251 waliokuwa na kisukari cha muda mrefu na hatari kubwa ya moyo. Nusu yao walipewa lengo la kuishusha HbA1c chini ya asilimia 6, yaani karibu na mtu asiye na kisukari. Mwezi wa Februari 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa. Waliosukumwa chini walikufa 257. Waliotibiwa kwa kawaida, 203.

Niliifunga kompyuta nikatoka nje. Kama sukari ndiyo adui, imekuwaje waliopigana nayo kwa nguvu zaidi wafe zaidi?

Nilihofia pia namna habari hii inavyoweza kutumiwa. Najua mtu mmoja mtaani angeisikia na kusema: basi, hata dawa hazina faida, nipe mwarobaini. Ndiyo sababu ni lazima hadithi isemwe mpaka mwisho. Mwaka huohuo wa 2008 wale wa UKPDS walirudi na majibu ya kuwafuatilia watu wao miaka 10 baada ya utafiti kwisha. Sukari za makundi mawili zilikuwa zimeshalingana zamani, lakini walioanza kutunzwa vizuri mapema walikuwa bado na nafuu: mishtuko ya moyo pungufu kwa asilimia 15, vifo pungufu kwa asilimia 13. Faida ya moyo ilikuwepo. Ilichelewa kuonekana kwa muongo mzima.

Ninavyoielewa mimi sasa, kuishusha sukari mapema na kwa utaratibu kunaulinda moyo, ila polepole. Kuiburuta chini kwa nguvu kwa mtu ambaye mishipa yake imeshachakaa kunaweza kumdhuru. Na mtu aliye na presha ya 160 hana muongo mzima wa kusubiri.

Maana utafiti uleule wa UKPDS ulikuwa na sehemu ya pili ambayo haizungumzwi sana. Wagonjwa 1,148 wenye kisukari na presha waligawanywa makundi mawili. Kundi moja presha yao ilibanwa ikafika wastani wa 144/82, la pili ikabaki 154/87. Tofauti ya namba kumi tu juu na tano chini. Viharusi vilipungua kwa asilimia 44. Vifo vilivyotokana na kisukari vilipungua kwa asilimia 32.

Nikalifungua tena daftari. 158/94. 162/90. 160/96.

## Watu 160 wa Denmark

Kama kuna utafiti mmoja ningependa usomwe kwa sauti kwenye kila kliniki ya sukari, ni wa Steno-2. Ni mdogo: watu 160, wote na kisukari cha aina ya pili na protini kidogo kwenye mkojo. Protini hiyo ina maana yake. Inaonyesha kwamba vishipa vya figo vimeanza kuvuja, na vishipa vya figo vikivuja, vya moyo huwa navyo haviko salama. Mama mkubwa alikuwa na dalili hiyohiyo, imeandikwa mara moja na kusahauliwa.

Kuanzia mwaka 1993, karibu na Copenhagen, Peter Gæde, Oluf Pedersen na wenzao waliwagawa watu hao themanini kwa themanini. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walishughulikiwa kila upande kwa mpigo: sukari, presha, kolesteroli, aspirini, dawa ya kulinda figo, chakula, mazoezi, kuacha sigara. Baada ya karibu miaka minane, matukio ya moyo na mishipa katika kundi la pili yalikuwa yamepungua kwa nusu na zaidi. Waliendelea kufuatiliwa. Ilipofika miaka 21, kundi hilo lilikuwa limeishi karibu miaka minane zaidi ya wenzao.

Miaka minane ya maisha ya mtu.

Na kuna jambo ndani yake lililonifanya nisimame: lengo la sukari ndilo lililowashinda wengi. Wachache tu walilifikia. Lengo la kolesteroli walilifikia wengi. Maisha yaliokolewa kwa kiasi kikubwa na vitu ambavyo kwenye daftari la mama mkubwa havikuzungushiwa wino, au havikuwa na safu kabisa.

## Ng'onda kwenye kikaango

Kujua haya ni kazi moja. Kuyapeleka jikoni Tanga ni kazi nyingine.

Nilimkuta mama mkubwa akiroweka ng'onda. Samaki wa chumvi, kwa nazi, na kisamvu. Ndicho chakula alichokikimbilia baada ya kuacha vitamu, na kwa hoja iliyonyooka: samaki hana sukari.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Na hiki nacho umekuja kunikataza?"

Sikutaka kumkataza. Nilimweleza kwamba chumvi ya ng'onda haigusi ile saba yake, inapandisha ile namba nyingine ambayo hakuna anayempongeza kwayo ikishuka. Akanisikiliza akiwa anafinya samaki. Kisha akauliza swali ambalo nadhani wagonjwa wengi wanalo: "Hizo dawa za presha nilipewa. Nikameza mwezi, ikashuka. Kama imeshuka, naendelea kumeza kwa lipi?"

Nikamwambia imeshuka kwa sababu anameza.

"Mbona hawakunambia hivyo?"

Sikuwa na jibu la hilo. Wala yeye hakuwa mkaidi. Sukari alielezwa mpaka akaielewa, akaifuata kama ibada. Presha alipewa vidonge kwenye bahasha ya kaki. Mtu aliyeweza kuacha kaimati anaweza kumeza kidonge kila siku, akielezwa kinazuia nini.

Na hayuko peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa Watanzania wa miaka 25 hadi 64 ulikuta sukari ya juu kwa watu kama 9 katika kila 100, na presha ya juu kwa kama 26. Utafiti wa vijijini uliochapishwa mwaka 1989 ulikuwa umekuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja kati ya 100. Tafiti hizo mbili hazikupima kwa njia moja, kwa hiyo sizilinganishi kwa rula. Lakini mtu yeyote mwenye umri wa kutosha anaijua tofauti hiyo kwa kuhesabu majirani.

Zamani moyo ukiharibika hivi, familia ilianza kuzungumzia safari ya India. Tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, na mishipa ya moyo inazibuliwa hapahapa. Ni jambo la kujivunia. Nasikitika tu ninapofikiri kuwa wagonjwa wake wengi wa kesho wamekaa leo kwenye benchi la kliniki ya sukari, presha 160, wanaambiwa safi.

## Dawa zilizotokea upande mwingine

Mwaka 2015 dawa iitwayo empagliflozini, inayotoa sukari kwa njia ya mkojo, ilijaribiwa kwa zaidi ya watu 7,000 wenye kisukari na ugonjwa wa moyo. Wengi walitaka tu kuhakikisha haina madhara. Vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 38, na kulazwa kwa moyo kushindwa kazi kwa asilimia 35. Sukari za makundi mawili zilitofautiana kidogo tu. Dawa ya sukari iliokoa mioyo bila kutegemea sana sukari. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa mwisho kwamba namba ya kidole ni sehemu ya habari, si habari yote.

Bei yake kwa familia nyingi za huku bado ni mlima. Ndiyo maana nazidi kuvutwa na vile vya bei nafuu ambavyo vipo tayari: dawa za kawaida za presha, statini (dawa za kushusha kolesteroli), kuacha sigara, kipimo cha protini kwenye mkojo. Mwaka 2004 utafiti wa Uingereza na Ireland kwa watu 2,838 wenye kisukari, ambao hawakuwahi kuugua moyo, ulionyesha kuwa statini moja, atovastatini, ya miligramu 10 tu kwa siku ilipunguza matukio makubwa ya moyo na viharusi kwa asilimia 37. Si dawa ya ajabu wala mpya. Mama mkubwa alikuwa na kisukari kwa miaka bila mtu kumtajia jina lake.

Sasa anaitumia, pamoja na mbili za presha na aspirini, kwa maelekezo ya daktari wa moyo. Aspirini amepewa kwa sababu moyo umeshaumia. Asiyewahi kuumia asijianzishie, maana hutokeza damu tumboni na faida yake kwake ni ndogo. Tena asiwepo wa kubadilisha dozi kwa kusoma makala yangu.

## Watoto wake

Mama mkubwa ana watoto wanne, na kisukari cha aina ya pili hufuata ukoo. Tuliwaomba wote wapime. Watatu wako vizuri. Wa mwisho, dereva wa lori la masafa marefu, mwenye tumbo lililoanza kutangulia na pakiti ya sigara kwenye kiti cha mbele, alikutwa na sukari ya asubuhi 6.3.

Hajaitwa mgonjwa. Alitoka akiwa amefurahi, akatuma ujumbe kwenye kundi la familia: "Sita! Niko poa."

Nikamwandikia pembeni: presha ngapi?

146/92.

Aliambiwa arudi baada ya miezi sita. Nimemsihi asingoje. Kwa namba hizo mbili pamoja na sigara, mishipa yake imo kwenye ile miaka ambayo daftari halijafunguliwa, na ni miaka hiyo ambayo kazi ndogo hulipa zaidi. Alinijibu kwa sauti, injini ikinguruma nyuma yake, kwamba sigara tutazungumza. Presha ataipima tena Jumatatu akifika Morogoro, na safari hii ataomba wampime mafuta na mkojo.